Masika Yakija, Nani Atafungua Lango la Ngome?

Ngome ya Lamu ilikamilishwa kwa sababu ya Shela. Kati ya 1812 na 1814 jeshi la Pate, likiungana na Mazrui wa Mombasa, lilishuka kwenye ufuo wa Shela likitaka kuutia Mji wa Lamu mkononi. Waamu waliwapiga palepale mchangani, na wavamizi walipogeuka kukimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na majahazi yamelala ubavu, hayaendi popote. Wazee wa Shela husimulia kuwa kwa miaka mingi upepo wa kusi ulikuwa ukifukua mifupa kwenye vilima vya mchanga.

Ushindi ule haukuwapa Waamu utulivu. Walihofia Mazrui kurudi na kulipiza kisasi, wakamwendea Seyyid Said wa Oman kuomba ulinzi, naye akawaletea liwali na askari wa Kibulushi. Ngome iliyokuwa imeanza kujengwa ikakamilishwa takriban 1821, ikajaa askari, bunduki na baruti. Waingereza walipotawala waliigeuza gereza, na gereza ikabaki tangu 1910 hadi 1984, wafungwa walipohamishiwa Hindi, bara. Ndipo jengo likakabidhiwa Makavazi ya Taifa ya Kenya. Leo watalii hupanda juu kuangalia mapaa ya mji, na wenyeji huitumia kwa maonyesho na hafla zao.

Kwa hiyo jengo lile limekwisha kuhifadhi askari, wafungwa na kumbukumbu. Swali ninalolileta Jumamosi hii ni kama linaweza, pamoja na majengo mengine ya dola yenye kuta nene na mapaa yasiyovuja, kuwahifadhi watu waliokosa pa kulala mvua kubwa inaponyesha. Si swali la ajabu. Kwingineko duniani limekwisha kuulizwa na kujibiwa, na majibu yake yana faida na hasara ambazo Lamu inafaa kuzijua kabla ya Aprili.

Shela yenyewe ni kijiji cha watu waliohama. Waliokianzisha walitoka Takwa, upande wa pili wa mlango wa bahari, kisiwani Manda. Mji ule wa mawe ulihamwa karne tatu zilizopita. Simulizi zinataja maji ya visima yaliyogeuka chumvi na ugomvi na Pate. Watu wa Takwa walivuka wakapewa pa kukaa kwenye ardhi ya Lamu, na hadi leo kizazi chao huvuka kurudi kwenye kaburi la mnara la Takwa kuomba mvua. Msikiti wa Ijumaa wa Shela wa 1829, ule unaosifiwa na kila mgeni, ulijengwa na wajukuu wa wakimbizi.

Wimbi hilo halikuisha. Wakati wa vita vya shifta, katika miaka ya 1960, Wabajuni wa vijiji vya bara, kuelekea Kiunga na mpakani, waliacha mashamba na nyumba zao wakakimbilia visiwani na Mombasa. Wengi hawakurudi tena. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya upande wa Kismayu na watu wa Barawa walishuka na majahazi hadi pwani yetu. Mombasa ikawa na kambi Utange, Jomvu na kwingineko hadi zilipofungwa katika miaka ya 1990. Juni 2014 ikaja Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa na maelfu wakakosa kulala majumbani mwao kwa hofu. Julai 2017 watu wa Pandanguo walitoka kijijini wakapiga kambi Katsaka Kairu, karibu na Witu. Januari 2022 mauaji ya Widho na vijiji vya jirani yakasukuma familia nyingi hadi Shule ya Msingi ya Juhudi, Hindi.

Tena ni shule. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue, kwa maana jambo hili limekuwa la kawaida mno hata halituumi tena. Kila balaa likitokea nchini Kenya, iwe mafuriko ya Tana, iwe moto, iwe risasi, mahali pa kwanza pa kuwapeleka watu ni darasani. Madawati hutolewa nje, mikeka hutandikwa, ubao hutundikwa nguo zilizolowa. Walimu huondoka au hufundisha chini ya mwembe. Mtoto aliyepoteza nyumba hupoteza na shule siku hiyohiyo, na jirani yake ambaye nyumba yake haikuguswa hupoteza shule pia. Nani alikaa akaamua kuwa gharama ya kila janga ilipwe na watoto? Hakuna aliyekaa. Imekuwa hivyo kwa sababu shule ndiyo jengo la umma ambalo halina lango la chuma wala mlinzi wa kukataa.

Majengo yenye lango la chuma yapo, na yana nafasi. Wamarekani waliliona hili zamani. Katika miji yao mikubwa kuna maghala ya silaha yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya jeshi la akiba la majimbo: majengo ya matofali mfano wa ngome, na katikati ukumbi mmoja mkubwa wa kupigia gwaride, hauna nguzo, unaweza kumeza uwanja mzima wa mpira wa kikapu na nafasi ikabaki. Vita vilipokwisha na mafunzo yakahamia nje ya miji, kumbi zile zilibaki tupu siku nyingi za mwaka. Na nje yake, katika baridi inayoua, watu walilala juu ya matundu ya mvuke wa moto barabarani.

Mwaka 1979 wakili kijana wa New York, Robert Hayes, aliishtaki serikali ya jimbo na ya jiji kwa niaba ya wanaume wasio na makao, wa kwanza wao akiitwa Robert Callahan. Hoja yake ilitegemea katiba ya jimbo inayoagiza kuwasaidia wahitaji. Mwaka 1981 pande zote zilitia saini makubaliano mahakamani: kila mwanamume asiye na makao apewe kitanda. Callahan hakuuona mwisho wa kesi iliyobeba jina lake. Alikufa mitaani kabla ya siku hiyo. Jiji lililazimika kupata vitanda vingi kwa haraka, likageukia maghala ya silaha. Lile la Fort Washington Avenue, kaskazini mwa Manhattan, lilipangwa vitanda safu kwa safu ukumbini mpaka wakalala humo wanaume wapatao 1,000 kwa usiku mmoja.

Baridi haikuwaua. Lakini watu 1,000 chini ya paa moja, bila ukuta kati ya mmoja na mwenzake, huleta mambo mengine. Wizi ulienea, wagonjwa wa akili walichanganywa na wahalifu na wazee, na kifua kikuu kikapata uwanja wa kusambaa. Wapo waliosema afadhali barabarani. Miaka ilivyopita idadi ilipunguzwa sana, sehemu ndogo ikabaki makao, na ukumbi ule ukakarabatiwa ukawa uwanja wa riadha wa ndani. Februari 2012 Bernard Lagat, mzaliwa wa Nandi aliyekuwa akishindana kwa niaba ya Marekani, alikimbia humo mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 7, akaweka rekodi ya ndani ya nchi hiyo.

California ilichukua njia nyingine. Tangu majira ya baridi ya 1987, baada ya watu kufa kwa baridi Los Angeles, jimbo liliruhusu maghala ya jeshi la akiba yafunguliwe usiku kwa miezi ya baridi tu. Jioni watu waliingia, wakapata chakula, godoro na choo, na alfajiri wakatoka na mizigo yao kwa kuwa askari nao walilihitaji jengo. Fullerton na Santa Ana, katika kaunti ya Orange, ziliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini fikiria mtu mzima, pengine mama mwenye watoto, anayefukuzwa kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu serikali imepata suluhisho la bei nafuu na haioni haja ya kutafuta jingine. Ilichukua miongo mitatu hivi kabla ya kaunti hiyo kufungua makao ya mwaka mzima.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu kwa karibu. Juni 2019, mji mdogo wa Portland, jimbo la Maine, ulipokea kwa siku chache mamia ya watu waliotoka Kongo na Angola, waliosafiri kupitia Amerika ya Kusini na misitu ya Panama kutafuta hifadhi. Mji uliwalaza katika ukumbi wa michezo uitwao Expo, ambao timu ya mpira wa kikapu iliutumia. Tangu mwanzo ilitangazwa tarehe ya kuondoka: katikati ya Agosti. Tarehe hiyo iliwalazimisha maofisa kutafuta nyumba kila siku badala ya kusema tutaona. Familia za wenyeji zilijitokeza zikawakaribisha wageni majumbani mwao hadi nyumba za kupanga zipatikane. Agosti ilipofika, ukumbi ulirudishwa kwa wenyewe.

Nina sababu ya kwenda mbali hivyo. Tarehe ya kutoka ndiyo inayotenganisha makazi ya muda na kutelekezwa, na Kenya tunalijua hilo kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 600,000, kwa hesabu ya serikali, walihamishwa makwao. Walijazana katika viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Nakuru na Eldoret, makanisani, na hata ndani ya uzio wa vituo vya polisi kama Tigoni, Limuru. Uzio ule uliokoa roho. Lakini wapo waliokaa kwenye mahema kwa miaka, watoto wakazaliwa humo na kuanza shule humo. Lango lilifunguliwa upesi. La kutokea halikufikiriwa.

Na kuna historia ya kwetu yenye onyo kubwa zaidi. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilizingirwa na Waomani Machi 1696, nayo haikuanguka hadi Desemba 1698. Ndani yake hawakuwamo Wareno peke yao. Walijificha humo Waswahili kwa mamia, wanawake na watoto. Kuta za mawe ziliwakinga na mizinga, hazikuwakinga na maradhi. Tauni na njaa viliua wengi kuliko risasi, hadi ikafika wakati Wareno karibu wote wamekufa na ulinzi ukaongozwa na Bwana Daudi wa Faza, mtu wa visiwa vyetu hivi vya Lamu. Ngome inaweza kumwokoa mtu na kinachomfukuza kisha ikamuua kwa kumbana. New York ya karne ya 20 ilijifunza somo lilelile kwa kifua kikuu.

Sasa turudi kwetu, na kwa masika. Huku hatuna theluji. Tuna mvua ambayo kilele chake ni Mei, na upepo wa kusi unaopiga Shela kwa miezi, unaong'oa makuti na kufunga bahari kwa vyombo vidogo. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji ya mto Tana yaliikata barabara ya Lamu kwenda Garsen. Chakula na mafuta vikapungua, na waliofurikiwa bara hawakuwa na pa kukimbilia isipokuwa penye mwinuko na penye shule. Katika mafuriko yale ya 2024 Wakenya karibu 300 walikufa kote nchini. Mwisho wa Aprili mwaka huo Baraza la Mawaziri liliwapa waliokuwa kwenye maeneo ya hatari saa 48 waondoke, likaagiza jeshi na Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, wasaidie kuwahamisha. Agizo lilikuja maji yakiwa yamekwisha kuingia vitandani.

Sheria haikosekani. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Ibara ya 241 inalitaka Jeshi la Ulinzi lisaidiane na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na liripoti kwa Bunge la Taifa kila linapotumwa kwa kazi hiyo. Iko pia sheria ya 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani. Kinachokosekana ni karatasi moja tu, iliyoandikwa kabla ya mvua, inayosema: mvua ikifika hapa, jengo fulani litafunguliwa, ufunguo anao fulani, maji yatatoka pale, na litafungwa tarehe fulani.

Je, kambi za jeshi zenyewe ziwemo kwenye karatasi hiyo? Kwa Lamu nasema hapana, na nasema hivyo nikilitakia jeshi heri. Tarehe 5 Januari 2020 magaidi walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, wakaua Wamarekani watatu. Kambi inayowindwa na adui si mahali pa kulaza mama na watoto, na sheria za kivita za kimataifa zinataka raia wawekwe mbali na shabaha za kijeshi. Zaidi ya hapo, Waaweer wa msitu wa Boni wameishi katikati ya operesheni ya kiusalama tangu 2015. Si kila mtu kule anayeiona sare akahisi amefika salama. Kumlazimisha aliyekimbia risasi alale chini ya mnara wa bunduki ni kumwongezea jeraha.

Kile ambacho jeshi linaweza kutoa bila kumhatarisha mtu ni vitu vyake: mahema yasiyovuja, majiko makubwa, boti zinazoweza kukabili kusi, madaktari, mashine za kusafisha maji. Kwa upande wa majengo, nafasi ya NYS na kumbi za serikali za bara, Mokowe, Hindi na Witu, ndizo zitajwe kwanza, shule zitajwe mwisho kabisa. Na Ngome ya Lamu? Ni jengo la urithi ndani ya mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, ua wake hauna paa, vyoo vyake vilitengenezwa kwa wageni wa mchana. Haiwezi kubeba kambi. Lakini moto unapoteketeza mtaa wa makuti, na hilo Lamu inalijua vizuri, familia kadhaa zikabaki uchi usiku, sioni kwa nini vyumba vyake visifunguliwe kwa usiku mmoja, mbili au tatu, hadi zipatiwe pengine. Urithi uliojengwa kulinda watu wa mji haupungui hadhi kwa kuwalinda tena.

Shela ina yake ya kujibu. Masika ndiyo miezi ambayo kijiji hiki huwa kimya. Wageni wameondoka, nyumba nyingi za kulala wageni zimefungwa, na majumba ya ghorofa yaliyonunuliwa na watu wa Ulaya tangu miaka ya 1970 yanakaa na mlinzi mmoja na paka wake. Umbali mfupi kwa boti kutoka hapo, mtu wa bara analala darasani. Sidai mali ya mtu ivunjwe mlango. Nasema Portland iliwaomba wenye nyumba, na wenye nyumba wakaitika. Shela hakuna aliyewaomba. Wamiliki wengi wanakipenda kijiji hiki na wamesaidia misikiti, madrasa na zahanati zake. Wakiombwa kwa maandishi, kwa muda unaojulikana, na kaunti ikadhamini usafi na uharibifu, wako watakaokubali.

Tusisahau pia kwamba katika visiwa hivi asiye na makao haonekani. Aliyeunguliwa hulala kwa shangazi, watu tisa chumba kimoja. Kijana aliyegombana na kwao hulala barazani au ndani ya mashua iliyopandishwa pwani. Mwenye nyumba ya mawe iliyooza boriti hubaki humo akiomba paa lisimwangukie, kwa kuwa boriti mpya na fundi ni pesa asizonazo. Ofisa akija na daftari kuuliza ni wangapi hawana makao, ataambiwa hakuna, sote ni ndugu. Ukarimu huu ndio uliotuweka hai na sitaki uishe, ila usiwe kisingizio cha serikali kutopanga lolote. Shangazi naye huchoka, na mvua ya Mei haimuulizi kama chumba kimejaa.

Kaunti ya Lamu ilihesabiwa kuwa na watu 143,920 mwaka 2019. Ni kaunti ndogo; maafa yake yanajulikana kwa majina ya vijiji, na majengo yake ya umma yanaweza kuhesabiwa kwa mchana mmoja. Kamishna wa kaunti, gavana na wawakilishi wa wadi wanaweza kukaa meza moja na maofisa wa NYS, Makavazi ya Taifa, Msalaba Mwekundu na maimamu, wakatoka na orodha ile ya karatasi moja. Watenge sehemu za wanawake, waweke kikomo cha watu kwa kila ukumbi ili tusirudie Ngome ya Yesu, na waandike tarehe ya kufunga. Orodha ibandikwe Mkunguni mbele ya Ngome, ibandikwe gatini Shela na Mokowe, isomwe misikitini na makanisani kabla ya Machi kwisha. Wewe msomaji uliye Lamu, muulize mwakilishi wako wa wadi wiki hii orodha hiyo iko wapi.